Siku Sita za Dumaguete

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kuvuta muda. Mimi ni mshereheshaji wa harusi hapa mjini Iloilo, jina langu Dulfo, na anayeniona jukwaani hudhani nafanya mchezo tu: nawapanga wajomba wapokezane chungwa kwa kidevu, nambana bwana harusi aseme nani alimtongoza mwenzake, nawaimbisha wageni meza kwa meza. Kumbe jicho langu moja liko kwenye pazia la upande wa jikoni. Nyuma ya pazia hilo amekaa Vinia juu ya kreti ya soda, kompyuta mapajani, anaunganisha picha za asubuhi kanisani ili kabla keki haijakatwa wageni wajione kwenye skrini. Hapa kwetu harusi isiyo na video ya siku hiyohiyo husemwa mwezi mzima. Vinia akinyoosha kidole gumba, namaliza mzaha wangu. Asiponyoosha, nawaita wajomba tena.

Tulikuwa washirika, kamera zangu na kompyuta yake. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minane, mwembamba, mkali wa maneno, hajaolewa, na vidole vyake kwenye kibodi vilikwenda kasi mpaka wapishi wa hoteli walikuwa wakiacha masufuria kuja kumtazama.

Jumamosi moja ya Agosti tulimaliza harusi kubwa. Video ilipoonyeshwa ukumbi mzima ulilia. Baadaye nikamkuta Vinia nje, ameshika sahani ya tambi ambayo hajaionja.

"Dulfo, uliona nini kwenye ile video?"

"Niliona harusi. Mama mtu alilia mpaka wanja ukamshuka. Kwani vipi?"

"Ile ni ya wiki iliyopita."

"Ya wiki iliyopita kivipi?"

"Nilichelewa. Nikachukua video ya Jumamosi ile, nikatoa nyuso za wale, nikaweka za hawa. Wimbo uleule. Mama analia palepale, busu palepale, baba anafuta miwani palepale. Hakuna aliyejua. Hata wewe hukujua."

Nilicheka, nikamwambia huo ndio ufundi wenyewe. Yeye hakucheka.

"Basi mimi si mhariri," alisema. "Mimi ni mashine ya kubandika."

Wiki ile akaanza kutafuta kozi ya kuhariri filamu. Iwe fupi, maana hakuweza kuondoka nyumbani muda mrefu, na iwe nzito, maana alisema amechoka kujifunza ujanja mdogomdogo. Nilimuunga mkono kwa nguvu zote. Nilidhani anaitafuta kwa ajili ya harusi zetu.

Hapa lazima niwaeleze habari za Manong Gardo, kaka mkubwa wa Vinia (kwetu kaka huitwa manong), maana bila yeye kusingekuwa na cha kusimulia.

Gardo alifanya kazi kwenye chumba cha injini cha meli za mizigo kwa miaka ishirini na mmoja. Nusu ya mtaa wetu ni watu wa meli, hilo si jambo la ajabu. Lakini Gardo alinunua kamera ndogo huko Yokohama na hakuiacha tena mkononi. Alipiga picha mvua ikishuka juu ya makontena, mabaharia wakinyoana nywele, mvuke ukitoka kwenye mabomba. Na alikuwa hanyamazi. Kila picha yake ina sauti yake nyuma ya kamera: anatania, anauliza, anawabandika watu majina. Akirudi likizo alimletea Vinia diski nyingine, wakaitia kwenye bati la biskuti.

"Siku moja utanitengenezea filamu, Inday," alikuwa akimwambia, kwa jina tunalowaita wadogo zetu wa kike. "Mimi ndiye stelingi."

"Utakuwaje stelingi na hatukuoni hata mara moja?"

"Mtanisikia."

Mwaka mmoja na nusu kabla ya Agosti ile, Gardo alirudishwa kwa ndege akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kiharusi kilimpata baharini, kikachukua mkono na mguu wa kulia pamoja na maneno. Mguu ulirudi polepole, maneno hayakurudi. Anaelewa kila kitu. Ukimsimulia mzaha anacheka pale panapostahili kuchekwa. Lakini akitaka kusema, linalotoka ni neno moja tu: Jumatatu. Kwa nini Jumatatu, hata daktari hajui. Chai ni Jumatatu, kiu ni Jumatatu, na akikasirika ni Jumatatu ya kutisha.

Bati la biskuti lilikaa juu ya kabati. Vinia alikuja kuniambia baadaye kwamba tangu kaka yake arudi alilifungua mara tatu, na mara zote tatu alitazama zile picha akiwa amezima sauti.

Kufikia Septemba kozi zilibaki mbili, na zote zilianza wiki moja ya Novemba, baada ya siku ya kuwaombea marehemu na kabla ya harusi za Desemba. Ya kwanza ilikuwa Manila: siku kumi, vyumba vitatu vya kompyuta mpya, walimu wanaofanya kazi kwenye televisheni, na mwishoni cheti. Wanafunzi wao wa zamani walikuwa wakisifu, na walikuwa na haki ya kusifu. Ya pili ilikuwa Dumaguete: siku sita, nyumbani kwa mama mmoja anayeitwa Constancia Abrenica, aliyehariri filamu tangu enzi za kukata utepe kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Tangazo lake lilikuwa ukurasa mmoja usio na picha. Alichukua wanafunzi wanne tu. Cheti hakuna. Anayetaka nafasi atume dakika ishirini za picha ambazo hajazigusa, na dakika tatu alizozitoa humo. Mstari wa mwisho ulisema: usiweke muziki.

Vinia aliusoma mstari ule mara nyingi. Hakuwa amehariri kitu bila muziki tangu aanze kazi.

"Hii ya pili ni utani," nilimwambia. "Bibi wa watu anataka wenzake wa kunywa naye chai. Nenda Manila. Urudi na cheti tukitundike ofisini."

"Ofisi gani, Dulfo? Ofisi yetu ni buti la gari lako."

"Basi tutakitundika kwenye buti."

Alicheka. Siku zikapita. Nikimuuliza, anasema anafikiria. Mwisho wa kujiandikisha Manila ukakaribia, na mimi kusubiri sikuwezi. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yananiwaka: nikajaza fomu ya Manila kwa jina lake, nikalipa kianzio, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba atakuja kunishukuru.

Kumbe naye alikuwa ametuma vyake Dumaguete bila kuniambia. Kutoka kwenye bati alichukua dakika ishirini za mabaharia wakinyoana nywele sitahani, akatoa dakika tatu.

Majibu yalikuja kwa simu, asubuhi moja tukiwa tunakula supu ya tambi kwenye soko la La Paz. Kelele zilikuwa nyingi, kwa hiyo Vinia aliweka spika na kuilaza simu katikati ya bakuli zetu.

"Wewe ndiye Divinia Sumagaysay?" Sauti ya mwanamke mzee, kavu, isiyo na haraka.

"Ndiyo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nimetazama kazi yako. Mikono yako ni myepesi sana. Nani anaongea nyuma ya kamera?"

"Kaka yangu, Mwalimu."

"Amefariki?"

"Hapana. Yuko nyumbani."

"Mmegombana?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi mbona kila akitaka kufungua mdomo unamkata? Kwenye zile dakika ishirini anaongea tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwenye zako tatu hasikiki hata neno. Mara kumi na moja umekata nusu sekunde kabla hajaanza. Mtu hawezi kukata hivyo mara kumi na moja kwa bahati tu."

Vinia aliweka kijiko chini. Muuza supu alikuja kutuongezea mchuzi, nikamwashiria aondoke.

"Upo?"

"Nipo."

"Nafasi ninayo. Sisemi kwamba umefaulu, wala kwamba umeshindwa, nasema ninayo. Ziko kozi nzuri kuliko yangu, na kule watakufundisha mengi nisiyoyajua, kompyuta zenyewe mimi naziwasha kwa kuomba Mungu. Fikiria. Niambie kabla ya Ijumaa."

Simu ikakatika. Vinia alisukuma bakuli lake pembeni. Kisha akainuka, akaenda kusimama kwenye kibanda cha muuza samaki akiwa amenipa mgongo, kana kwamba anachagua samaki. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na mimi, kwa upumbavu wangu, nikaona huo ndio wakati wa kusema kweli.

"Vinia, kuna kitu. Nilishapeleka jina lako Manila. Nimelipa na kianzio."

"Jina langu."

"Ndiyo."

"Umelipeleka wewe."

"Nilitaka iwe zawadi."

"Dulfo." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Wewe umezoea kuwaburuta watu jukwaani hata wakikataa. Mimi si mjomba wa bibi harusi."

Akachukua mkoba wake akaondoka.

Jioni nilikwenda kwao na mananasi mawili kuomba radhi. Alinifungulia mlango bila kunisalimu, lakini alinipakulia chakula: mbaazi kwa nyama ya nguruwe na fenesi bichi, mchuzi umekolea ukwaju wetu wa milimani mpaka ulimi unakunjamana. Manong Gardo alikuwa kichwa cha meza, anakula kwa mkono wa kushoto. Katikati ya chakula Vinia akamgeukia.

"Manong, niende kusoma Manila au Dumaguete?"

Gardo alitafuna kwanza, akawaza. "Jumatatu," alisema kwa uzito wa hakimu.

"Zote zinaanza Jumatatu, Manong."

Akatazamana na dada yake sekunde moja, halafu wote wawili wakapasuka kwa kicheko, Gardo akigonga meza, na mimi nikajua kwamba walau sitafukuzwa.

Wakati wa kuosha vyombo nilisimama na Vinia jikoni nikifuta sahani.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Kila ulichosema kuhusu Manila ni kweli. Nikienda kule nitarudi najua mambo mengi, na yote yatatusaidia. Nikienda Dumaguete nitarudi najua jambo moja, na huenda nisilipende."

"Sasa kinachokushinda ni nini?"

"Yule mama amenisoma kwa dakika tatu tu, Dulfo. Umekaa na mimi miaka tisa." Akazima bomba. "Sikulaumu. Hata mimi sikujua kama namkata."

Siku iliyofuata hakupokea simu za mtu. Alikaa chumbani, akavaa hedifoni, akatazama diski moja mwanzo mpaka mwisho, sauti ikiwa juu, na mwenye sauti amekaa chumba cha pili anatazama ndondi. Alhamisi aliwapigia Manila mwenyewe, akaomba radhi, akajitoa. Walimjibu kwa upole, wakarudisha sehemu ya kianzio. Kisha akapiga Dumaguete.

Nani angekaa na Gardo siku zile sita? Sikuulizwa. Nilibeba godoro langu nikaenda.

Vinia alivuka kwa boti ya asubuhi kwenda Bacolod, akapanda basi la kusini. Mimi nikajifunza kumnyoa mtu mwingine ndevu. Nikajifunza pia kwamba Jumatatu ziko nyingi: iko fupi ya kukataa, iko ndefu ya kuomba, iko ya kupandisha mwishoni ambayo maana yake ni kwamba umeweka chumvi kama adui. Kila jioni baada ya chakula Vinia alipiga simu, nikaiweka spika, Gardo akasogeza kiti.

"Leo tumetazama kipande kimoja cha mwanamke anafua nguo," alisema siku ya kwanza. "Dakika tisa. Kila mtu aseme amechoka wapi. Mimi nilichoka sekunde ya nne. Mwalimu akasema, vizuri, tazama tena."

"Mkatazama tena?"

"Mpaka saa kumi. Kufikia mara ya sita nikaona kumbe yule mwanamke anafua shati lilelile moja tu."

Siku ya pili skrini zilifunikwa kwa vitambaa na wakasikiliza sauti peke yake. Siku ya tatu alipiga mapema, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Nataka kurudi. Nimekata mara kumi na tisa, na huyu mama hasemi ni vibaya wala ni vizuri. Anasema 'hm'. Nimepanda boti na basi kuja kusikiliza 'hm'."

Nakiri kwamba nilifurahi kidogo. "Nilikwambia mimi. Manila wangekupa..."

Sikumaliza. Gardo alininyang'anya simu kwa mkono wa kushoto, akaiweka mdomoni kabisa. "Jumatatu!" alifoka. "Jumatatu, Jumatatu, Jumatatu!" Mishipa ya shingo ilimtoka. Ilikuwa sauti ya fundi wa injini anayemkaripia kijana aliyeacha zamu yake.

Upande wa pili tukamsikia Vinia akivuta kamasi na kucheka.

"Haya, Manong. Sirudi."

Siku ya tano alizungumza na mimi peke yangu. Aliniomba nitoke nje, nikasimama karibu na tangi la maji.

"Leo alinikalisha mimi na yeye tu," alisema. "Tukarudia zile dakika ishirini za kunyoana. Kila nilipokata alisimamisha akauliza, hapa unamlinda nani? Nikasema namlinda kaka yangu, asisikie alivyokuwa. Akasema 'hm'. Tukaendelea. Mara ya saba hivi nikamwambia, najilinda mimi. Hakusema 'hm'. Aliinuka akaenda kupika chai."

Nikamwambia kwamba Gardo amekula vizuri.

Aliporudi hakuwa na cheti wala maneno mengi. Desemba ikatumeza na harusi zake, na video zake zilikuwa zinachelewa, wajomba wakaniona adui. Januari akanitangazia kwamba atabaki na harusi moja kwa mwezi, na video atazitoa baada ya wiki tatu, siyo siku hiyohiyo. Niligomba. Halafu nikatafuta mhariri mwingine wa kukaa nyuma ya pazia, maana biashara lazima iende. Mimi na Vinia bado ni washirika kwa hiyo moja ya mwezi.

Muda wake mwingine wote ulikwenda kwenye bati la biskuti. Jumapili moja ya Machi, baada ya misa, aliniita nyumbani kwao. Alikuwa na dakika ishirini na sita. Tulifunga mapazia, jua la saa tano likabaki nje. Gardo alikaa kiti cha mbele, shati lake la kanisani bado limefungwa mpaka shingoni.

Skrini ilionyesha bahari ya kijivu, na kabla hatujaona mtu yeyote, sauti ya Gardo ikajaa chumba. Nzito, ya haraka, yenye kicheko chini yake: "Haya, jamani, leo ni siku ya ngapi? Mimi nimeacha kuhesabu, nani bado anahesabu?"

Gardo wa kwenye kiti aligeuka kutazama mlangoni. Alidhani mtu ameingia. Kisha akaelewa, akarudisha uso kwenye skrini, na kwa dakika zote zilizobaki hakupepesa. Vinia hakuitazama filamu hata kidogo. Alikuwa amesimama pembeni, anamtazama kaka yake, mikono imeshika mgongo wa kiti.

Ilipokwisha nilitaka kupiga makofi, lakini Gardo alikuwa anatikisa kichwa. "Jumatatu," alisema, chinichini. Akatikisa tena, akagonga meza. Halikuwa kofi la furaha.

"Nimekosea, Manong?" Vinia aliuliza. "Hutaki kujisikia? Niondoe sauti?"

Hapana, hapana, kichwa kilikataa kwa nguvu. Aliinuka, akaburuta mguu mpaka kabatini, akashusha bati, akamwaga diski zote sakafuni. Alizigeuzageuza kwa mkono wa kushoto, jasho linamtoka, nasi hatukuthubutu kumsaidia. Mwishowe akashika moja, akampa dada yake.

Vinia aliichomeka. Picha zilikuwa zinatikisika vibaya. Alinong'ona kwamba aliziruka kwa sababu hiyo. Gardo akaashiria: mbele. Mbele tena. Kisha akapiga kelele, tukasimamisha. Jiko la meli. Mtu mnene, fulana imelowa, anamenya viazi.

"Bi," Gardo alisema.

Lilikuwa jambo la kwanza lisilokuwa Jumatatu kutoka kinywani mwake tangu arudi. Alifumba macho, akakunja ngumi, akalivuta neno kama anavuta nanga kwa mkono. "Bi-en. Bien."

"Bienvenido," Vinia alisema polepole. "Mpishi. Uliniandikia habari zake. Yule aliyefia melini, ukakaa naye mpaka mlipofika bandarini."

Gardo alilia, akiitikia kwa kichwa. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku alipotelemshwa kwenye ndege.

Vinia akaiachia picha iende. Bien alimenya viazi na kuimba, wimbo wa zamani wa kisiwa chetu ambao mama zetu walitulaza nao. Sauti ya Gardo nyuma ya kamera ilimtania mara moja, kisha ikaingia kwa chini, sauti ya pili. Na humo chumbani, kwenye kiti, Gardo akafungua mdomo akaimba. Siyo kuguna. Aliimba maneno, yote, moja baada ya jingine, kamili, mpaka ubeti wa mwisho, akiwa na Bien na akiwa na nafsi yake ya zamani. Vinia alikaa chini sakafuni katikati ya diski.

Wimbo ulipokwisha Gardo alijaribu kusema kitu, ikatoka Jumatatu, akatucheka tulivyoduwaa. Daktari alitueleza baadaye kwamba si muujiza: kuimba hupita njia nyingine kichwani, wagonjwa wengi wako hivyo. Huenda. Tangu siku hiyo anaimba kila anapooga, na jina la Bien analitoa akitulia. Mengine hayajarudi.

Vinia alikiingiza kipande kile kama kilivyo, dakika nne nzima, mtikisiko wake na yote.

"Watu watachoka," nilimwambia. "Viazi dakika nne?"

"Wachoke. Halafu watazame tena."

Juni tuliipeleka filamu mjini Roxas, kwa mjane wa Bien. Tulitundika shuka kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa, majirani wakaleta viti vyao na mihogo ya kuchemsha. Mjane alikaa kati ya Vinia na Gardo, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi. Mumewe alipotokea kwenye shuka hakulia. Alisogea mbele, akakodoa macho kwenye mapipa ya viazi nyuma ya mumewe, kama anayekagua usafi wa jiko.

Watu walipoinuka kwenda kula, yeye hakuinuka.

"Alikuwa anaimba hivyo kila siku?" alimuuliza Gardo.

Gardo alikubali kwa kichwa.

"Nyumbani alikuwa haimbi," mjane alisema. Alifikiri kidogo. Kisha akamgusa Vinia goti. "Mwanangu, nirudishie pale anapoanza."